Jina Linalopita Mwisho

Kwanza hukuwa mwandishi, Nyamizi. Ulihesabu ndoo za dagaa
pale Mwaloni, kwenye daftari lenye tebo jalada la nyuma,
na katikati ya hesabu (ndoo sita, Mama Sayi, deni)
mtu fulani akaanza kusema uongo mtamu.
Nikasoma. Nikauliza, huyu nani?
"Simjui bado. Ngoja aingie ndani."

Filamu ya kwanza tuliipiga Igogo kwa siku tisa,
kamera ya kukodi kwa mpiga picha wa harusi.
Jumamosi anaichukua, kwa hiyo katika hadithi yetu
hakuna aliyewahi kuiona Jumamosi.
Mimi nilishika maiki niliyoifunga kwenye mpini wa fagio.
Wadudu wa ziwani wakashuka kama moshi,
wakajaa kwenye taa, wakamwingia bwana harusi kinywani,
naye akatema, akaendelea kuapa mapenzi.
Ukapiga kelele: "Hiyo ibaki!"

Kisha ukawa prodyuza, maana yake
ukajifunza kuomba bila kupiga magoti:
wali wa watu ishirini, jenereta, kibali,
mawe ya Capripoint yanayokodishwa na mtu asiyeyamiliki.
Uliuza baiskeli. Ukauza cherehani.
Shati langu la Krismasi ukamvika maiti wa kipindi cha nne,
mpaka leo halijafufuka.

Runinga ya Dar ikanunua vipindi hamsini na viwili.
Walitaka mambo madogo tu: ziwa liitwe bahari,
na bibi mwenye lafudhi ya Kisukuma awe wa kuchekesha.
Ulikesha Kirumba na kalamu nyekundu.
Asubuhi ziwa lilikuwa bado ziwa.
Bibi, nawe unajua, alichekesha.
Tulilipwa. Mama yako akapata bati jipya.

Jana tulimketisha mbele ya runinga na ungo wake wa kuchambua.
Akatazama kipindi cha mwisho, hakucheka mara moja.
Majina yakaanza kupanda.
"Lako lipi?"
"Hilo... limeshapita."
"Lirudishe."
Ukalirudisha, ukalisimamisha. Hajui kusoma.
Akaweka kidole juu ya kioo,
kikaacha magamba mawili matatu yanayong'aa,
akauliza, taratibu, kama anayeulizia bei:
"Na yule bibi. Alikuwa mimi?"

Nje ziwa lilikuwa na sauti yake ile
ambayo miaka yote maiki yangu haijaweza kuidaka.
Ulinitazama.
Nikajifanya natafuta betri za rimoti.