Tone Linalozama

Shuleni anayezama amefeli.
Hemani kwangu, soko la mahindi Kibaigwa, ni kinyume:
naliachia tone la damu kwenye maji ya mrututu,
likizama, karibu kitandani;
likielea, pole, ndugu,
kale mlenda, kale maini ukiyapata,
urudi baada ya miezi mitatu.

Chalula, kuli wa ghala la tatu,
abebaye gunia la kilo mia kama mtoto wa dada yake,
tone lake lilielea.
Lilikaa juu, jekundu, kaidi,
makuli wenzake wakacheka hadi vumbi likawaingia kinywani.
"Mashine yenu mbovu."
Si mashine, kaka. Ni maji tu,
na maji hayatazami misuli.

Akaja Nyemo.
Nyuma ya pazia la kitenge nikamuuliza
niliyowauliza watu thelathini tangu asubuhi:
umelala na nani, homa ilikuja lini,
wembe uliokuchanja ulikuwa wa nani.
Nauliza nikitazama karatasi, si uso,
maana uso ukitazamwa hujibu kwa adabu,
na adabu haifai kutiwa kwenye mfuko wa damu.

Hapana, akasema. Hapana. Hapana,
upesi, kama anayehesabu madebe,
na nje wenzake wakiliita jina lake.

Nikafunga mpira, nikautafuta mshipa kwa kidole.
Spiriti, nikaiacha ikauke;
alipotaka kujikuna nikamzuia:
usipaguse, hapo sasa ni pangu.
Damu ya kwanza ikaingia mirijani, ya vipimo,
iliyofuata ikajaza mfuko
ukibembea kwenye kimizani chake
kama mtoto wa kliniki.
Jina halipo. Namba mfukoni, namba mrijani, namba kwenye fomu,
ile ile, nikaisoma kwa sauti.
Soda, biskuti. Leo usibebe gunia.
Na kikaratasi chenye namba ya simu:
ukikumbuka jambo, piga. Hata usiku.

Saa nne usiku nimerudi Dodoma, naosha vumbi miguuni.
Simu. Pumzi kwanza. Lori likapita upande wake.
"Dada. Ile yangu. Msimpe mtu."

Sikuuliza kwa nini.
Vipimo vina macho, lakini zipo wiki za mwanzo
ambazo huona giza, na giza lile
mwenyewe ndiye anayelijua.
Nikamwomba namba.
Akaisoma pole pole, tarakimu moja moja,
kijana yule aliyesema hapana mara kumi na mbili,
sasa anasema saba, sifuri, nne.
Nikampa siku ya kuja. Mlango wa nyuma, nikamwambia,
nitakuwepo mimi mwenyewe.

Daftarini niliandika: mfuko umeondolewa.
Ripoti ikasema tulirudi na mifuko kumi na tisa,
na mkubwa wangu akauliza mbona pungufu.
Yupo mama, sitamjua,
aliyeongezewa damu nyingine wiki ile,
akaamka, akauliza mtoto yuko wapi.
Kwenye shukrani zake
hataitaja ile ambayo hakupewa.

Mwezi wa kumi tulirudi Kibaigwa, upepo ule ule.
Chalula alikuwa wa kwanza kwenye foleni,
amekula maini, anasema, na deni la maini.
Nikaliachia tone.
Likasita kidogo, kama mtu mlangoni,
likazama.