Mstari wa Mia Mbili na Kumi na Nne

Mimi ndiye ninayepiga chapa bajeti ya mkoa.
Si mheshimiwa, sina kiti chenye jina.
Nina kompyuta ambayo kitufe chake cha sifuri kimefutika,
na chai iliyopoa tangu kikao kifunguliwe.

Kila mwaka nafika ukurasa wa thelathini na saba:
*214. Daraja, korongo la Nyamiera, Kadutu. Ujenzi.*
Vidole vyangu vinaujua mstari huo
kama vinavyojua vifungo vya blauzi gizani.
Mwaka wa kwanza, milioni arobaini.
Wa pili sitini, kwa kuwa saruji imepanda.
Wa tano mia na kumi, kwa kuwa korongo nalo limepanuka,
limemeza choo cha shule
na nusu ya shamba la mihogo la Zihindula.
Pesa inakua kwenye karatasi,
shimo linakua kwenye udongo,
na havijawahi kukutana.

Kupitishwa ni neno. Kutolewa ni neno jingine.
Kati yake pana ngazi: saini, muhuri, saini,
mtu aliye Kinshasa, mtu aliyekwenda msibani,
faili lililolaliwa na faili.
Katibu Murhula hunieleza huku akitafuna karanga:
"Dada, bajeti ni suti ya kuazima.
Unaivaa siku ya picha."

Korongo lenyewe nalivuka kila asubuhi
juu ya mbao tatu za mama Cibalonza.
Franga mia mbili kupita, mia tatu mwenye mzigo,
mwanafunzi bure, mwenye mimba bure, polisi hulipa.
Ubao wa kati ulitoka kwenye kitanda cha marehemu mumewe;
matundu ya misumari bado yapo.
Mapato anayaandika kwenye daftari la shule la mtoto,
nyuma ya jedwali la saba:
*Machi. Ubao mmoja. Misumari nusu kilo. Kamba.*
Daftari lake linafunga hadi franga ya mwisho.
Letu lina kurasa mia tatu, na halijafunga hata siku moja.

Mwaka huu nilifanya jambo.
Usiku, umeme ulipokatika ukarudi, niliruka mstari.
Kutoka 213, magari ya itifaki,
moja kwa moja hadi 215, mapazia ya ukumbi.
Tofauti nikaificha kwenye "mengineyo".
Nikangoja.

Kamati ilikaa siku nne.
Walibishana juu ya mapazia, rangi hasa.
Mheshimiwa Bashwira, wa Kadutu, wa korongo letu,
alisimama, akafunga koti, akapongeza.
Mikono juu. Makofi.
Hakuna aliyeuliza 214 imekwenda wapi,
nami niliogopa kama mtu
aliyepiga hodi kwao usiku, asiitikiwe.

Jioni ile mvua ilitushukia vilimani.
Nilifika korongoni viatu mkononi.
Mama Cibalonza akanimulika kwa simu:
"Wewe wa ofisini, mwaka huu mmetuandika?"
Maji yalinguruma chini ya kitanda cha mumewe.
Nikasema, "Mmeandikwa."
Akaikataa mia mbili yangu.
"Pita, mwanangu. Pita."

Sikulala. Alfajiri nikawahi ofisini
kabla nakala hazijapelekwa kutiwa saini,
nikaurudisha mstari mahali pake.
Mkono ukasita penye tarakimu.
Mia na kumi? Mia na hamsini?
Nikaandika bei ya mbao nne,
misumari kilo mbili, kamba,
na ubao mmoja wa kitanda, wa kulipa deni:
franga elfu tisini na sita.

Ni kiasi kidogo kuliko vyote kitabuni.
Hakitoshi kuibwa.
Labda hicho kitatoka.