Dakika za Maji

Daftari la shangazi Holo bado lina vumbi la Usagara.
Gari namba kumi na saba: saa tisa na dakika nne, usiku.
Namba tatu: taa moja, kioo hakuna.
Namba ishirini na mbili: mstari tu, na neno Nyanguge.

Walikuja wakipasua giza kama watu wanaodaiwa,
mbuzi wa Kisesa wakatawanyika, watoto wakatoka na shuka.
Kisha Kigongo.
Ziwa halikuwa na haraka.
Pantoni ilikuwa ng'ambo, Busisi, imesheheni pamba, ikingoja kuche.

Kanuni ya mashindano ilisema:
dakika za maji hazihesabiwi.
Shangazi akailaza saa kifudifudi mezani.

Wa kwanza na wa mwisho wakavuka juu ya chuma kimoja.
Mmoja alilala kwenye boneti, viatu mkononi.
Mwingine akamwonyesha shangazi kikapu, akainua nyusi.
"Sato," akamwambia.
"Sato," akarudia yule mgeni, "sato, sato," mpaka Busisi.

Siku hizi kuna daraja, hata mazungumzo hayaishi umeshavuka.
Nafungua daftari, nayaruka majina ya washindi,
natafuta ukurasa ule ambao hakuandika kitu:
una doa moja tu, la mafuta ya samaki.