Mabua ya Shayiri, Ghorofa ya Tano

Saa tisa alasiri, na jua la Võru limeshakunja jamvi.
Nyumba yangu ina vyumba viwili na mwangwi,
kitanda, meza, kiti kimoja,
na ndoo niliyoipindua iwe kiti cha pili.
Pilleriin atafika na basi la saa kumi na moja:
miaka tisa, begi mgongoni, macho ya mama yake,
yale yanayopima kila kitu bila kutamka neno.

Nilikuwa nimenunua taa za rangi, mita kumi.
Nikazitundika dirishani. Zikawaka, zikakonyeza,
chumba kikafanana na duka la simu.
Nikawasha mshumaa wa mdalasini;
harufu ikatembea peke yake hadi jikoni,
ikarudi, haikuona pa kukaa.
Nikajiambia: Ahto, joto haliuzwi kwa mita.

Ndipo nikamkumbuka bibi.
Mkesha wa Krismasi, mlango unapigwa teke,
anaingia na tita la mabua linalomzidi kimo,
mabua yenye miguu miwili, hayana kichwa,
anayabwaga sakafuni, nasi tunapiga mbizi.
Tulilala humo humo, wajomba, watoto, paka,
na sahani mezani hazikuoshwa,
maana waliotangulia nao huona njaa,
na usiku ule mmoja hupewa ruhusa.

Basi nikaenda kwa Heldur, nje ya mji.
"Mabua? Umefuga ng'ombe ghorofani?"
"Nina binti," nikasema.
Hakuuliza tena.
Akanifungia matita mawili kwa kamba ya katani,
akanitilia na soseji za damu ndani ya gazeti.

Lifti hatuna. Vidato tisini na viwili,
na kila kidato kikadai ushuru wake.

Alipofika alisimama mlangoni, kofia kichwani.
"Baba. Umeleta zizi."
"Ndiyo. Vua viatu."
Akavua kimoja. Akafikiri. Akavua cha pili.
Kisha akajirusha.

Hodi ikapigwa kwa mpini wa ufagio.
Bibi Salme wa ghorofa ya tatu,
yule anayegonga bomba nikikohoa tu,
ameufuata mkufu wa mabua ngazi kwa ngazi,
shari yake ameipanga vizuri mdomoni.
Akaufungua mdomo. Pua ikamtangulia.
"Shayiri," akasema. "Si ngano. Hii ni shayiri."
Akauegemeza ufagio ukutani, polepole,
kama askari anayeambiwa vita vimekwisha na bado ana shaka.

Kumlaza chini kulituchukua dakika nzima,
magoti yake yakilalamika kwa zamu.
Mara ya mwisho, alituambia akitazama dari,
alikuwa na miaka sita,
na baba yake alikuwa bado na mikono yote miwili.
Hatukuuliza. Pilleriin alimsogezea mto.

Tulikula sakafuni, viazi, kabeji chachu, soseji.
Taa za rangi nilizizima.
Mshumaa Bibi Salme aliuamuru ukae ndani ya sinki,
"maana utoto," alisema, "si wazimu,"
na kutoka kwenye sinki ukawaka vyema,
mabomba yakameta kama vyombo vya kanisani.

Nikainuka nikusanye sahani.
Mkono mdogo ukanikamata suruali.
"Ziache. Bibi amesema ziachwe."
Akaenda mwenyewe kuchukua kijiko kimoja zaidi.
"Cha nani hicho?"
"Sijui. Cha atakayekuja."

Sasa ni usiku wa manane.
Theluji inakwaruza kioo kwa kucha laini,
Bibi Salme anakoroma kwa sauti ya trekta la Heldur,
mwanangu ana bua sikioni na mguu tumboni mwangu.
Nimekohoa, kwa makusudi, nione.
Hakuna aliyegonga bomba.
Na mwangwi haukuitika.

Kesho nitafagia ngazi.
Ufagio upo.