Arobaini na Mbili

Miaka tisa mshale ulilala kwenye sifuri
kama mbuzi aliyegoma njiani.
Nikishuka Panzi, sifuri.
Nikiruka mashimo ya Mugogo na matofali mia nne mgongoni, sifuri.
Kwa ushahidi wake
pikapu yangu haikuwahi kutoka uani.

Mwendo niliujua kwa masikio.
Mlango wa nyuma ukigongagonga, hiyo ishirini.
Ukinyamaza, kioo kikaanza kutetemeka, hiyo hamsini.
Na pale usukani ulipowasha viganja,
na M'Cirhuza mke wangu akashika kishikio cha mlango
akaacha kunisemesha,
hiyo ilikuwa themanini.
Niliitangaza katika kila baa ya Kadutu, themanini yangu.

Jumatatu moja ya mvua nikaipeleka kwa Nsimire,
binti wa marehemu fundi Zihalirwa:
garaji ya mabati matatu na jiwe la kuzuia gurudumu.
Hakugusa spana. Aliuliza kwanza,
"Namba za kilomita, zinatembea?"
Zimekwama, nikasema, tangu kifungua mimba wetu anatambaa.
"Basi usiulaumu mshale.
Mshale na namba ni mapacha, wananyonya ziwa moja.
Wakilia wote wawili, mtafute mama."

Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi hadi begani,
uso kando, macho amefumba,
kama anayetafuta ufunguo katika mfuko wa mtu aliyelala.
Akavuta ncha ya kebo, nyeusi kama utumbo wa kuku.
Akachomeka kipande cha waya wake mwenyewe
mgongoni mwa saa,
akakizungusha kwa vidole.
"Tazama."
Ukaruka! Kumi, kumi na tano, ukaanguka.
Nusura nipige kigelegele, mimi mwanamume mwenye ndevu.
"Kichwa kizima," akasema tu,
akatandika gunia akaingia chini, matopeni.

Huko, ubavuni mwa giaboksi,
waya umekatika, mkavu,
una kutu ya rangi ya chai ya jana.
Na kigurudumu cha plastiki chenye meno kumi na sita
kimebaki na kumi na moja.
"Kibogoyo," nikasema, "ndiye mwizi."
"Hapana. Waya ulikosa grisi, ukakaza shingo, ukamng'oa meno.
Grisi ni bei gani, baba?"
Sikujibu.

Muuza vyuma wa Nyamugo alianzia dola kumi
akatua kwenye sita na sigara mbili.
Nsimire akaupaka waya mpya grisi kwa kidole, polepole,
kama mtoto anavyopakwa mafuta asubuhi ya ubatizo,
akaupitisha kwa upinde mpana.
"Usiukunje kona. Huu ni mgongo."

Tukatoka njia ya Kavumu.
Mshale ukaamka kwa aibu, ukatikisika, ukasimama.
Subiri, nikamwambia, nikuonyeshe themanini.
Nikakanyaga.
Mlango ukanyamaza. Kioo kikatetemeka. Viganja vikawaka.
Nsimire akashika kishikio.
Nikatazama chini.

Arobaini na mbili.

Hakucheka, Mungu ambariki. Aligeuka akalitazama ziwa.
Nikaukumbuka usiku wa Murhula,
nilipomkimbiza mama yake hospitalini
nikiamini matairi hayagusi ardhi,
na mtoto akazaliwa hapo hapo kwenye kiti, kabla ya geti.
Nilimsamehe kwa kuwa na haraka.
Kumbe ni mimi.

Chini ya mshale, nane iligeuka taratibu ikawa tisa:
kilomita ya kwanza kuandikwa tangu enzi hizo.
Zile nyingine zote ziko magotini mwangu, njoo uzihesabu.

Jumapili M'Cirhuza akaketi mbele.
Aliutazama mshale kutoka nyumbani hadi kanisani,
mikono mapajani, kishikio hakukigusa.
Tulipofika Nyawera ndipo akanena:
"Kwa hiyo miaka yote hii
nimekuwa nikisali bure."