Si ya Kuwashia Moto

Julai ndiyo biashara.
Nairobi inavuta sweta hadi masikioni
nami hapa Kawangware napima gorogoro,
kidole gumba kikiwa ndani ya mkebe.
Wateja wanajua. Wananisamehe.

Mwaka jana, Julai kama hii,
nilijifungua kimya.
Sijui namna nyingine ya kusema.
Wodi nzima ililia kwa sauti za wachanga
isipokuwa kona yangu,
na muuguzi alipotaka kuandika saa kwenye faili
kalamu ilikauka. Akaitikisa. Akaandika.

Wa kanisani walikuja na maziwa na majani ya chai.
Wakasema, yaliyopita si ndwele.
Wakasema, bado u kijana, utapata mwingine,
kana kwamba nimepoteza kifuniko cha sufuria.
Nikanyamaza. Ndwele ilikuwa mimi.
Mutinda alipigilia msumari ukutani,
akatundika kalenda, akaifungua Agosti kabla Julai haijaisha.
Hiyo ndiyo pole aliyoiweza. Simlaumu.

Nikarudi kwenye makaa.
Nikampa Mama Nyaboke chenji ya elfu kwa noti ya mia mbili,
nikaenda kujifungia chooni
mpaka jirani akabisha, mara ya tatu, na ndoo yake.

Bi Kerubo hana dawa. Alisema mwenyewe siku ya kwanza,
Alhamisi, saa nane, chumba cha nyuma ya zahanati:
viti viwili vya plastiki,
saa ya ukutani iliyochelewa dakika kumi na moja.
"Sina dawa. Nina masikio, na tuna saa moja."
Wiki tatu tuliitazama tu hiyo saa.
Ya nne akaziona kucha zangu,
nyeusi, nimezificha chini ya leso,
akauliza, "Hiyo rangi huandika?"

Mimi sikujua kuchora.
Shuleni ramani ya Kenya nilichorewa na Akoth
kwa malipo ya andazi.
Lakini nilibeba chenga ya makaa,
nikapasua mfuko wa unga, upande wa ndani, ule wa kaki,
nikachora mlango.
Alhamisi iliyofuata, mlango.
Milango kumi na miwili,
na Bi Kerubo hakuuliza nani yumo ndani.
Aliuliza, "Kitasa kiko upande gani?"
Nikalia mpaka makaa yakawa wino.

Zipo siku haikusaidia. Niliseme na hilo.
Nilichora debe, nikachora paka wa buchani,
nikarudi nyumbani na kifua kilekile.
Mutinda alikuja mara moja, hakuingia;
alikaa nje kwenye benchi akivunja njiti za kiberiti.
Usiku, taa imezimwa, akaniuliza ukutani:
"Leo umechora nini?"
Nikamwambia. Tukazungumza hadi adhana ya alfajiri,
sisi ambao si wa msikiti.

Kisha likaja sikio.
Nililikumbuka ghafla, nikiosha sufuria:
dogo, limejikunja juu kama kona ya noti.
Nikalichora, mkono ukitetemeka,
nikaongeza shavu, nikaongeza shali
iliyokuwa ya manjano, na makaa hayajui manjano.
Chini yake nikaandika jina tulilolificha:
Mumo.

Jana jioni, baridi ikiuma,
Barasa wa ghorofa ya tatu alinunua makaa ya hamsini,
akaomba na karatasi ya kuwashia.
Nikachomoa moja, sikutazama.
Haukupita muda akarudi, jiko lake halijawaka,
karatasi ameinyoosha kwa viganja viwili
kama mtu anayebeba maji.
"Mama Makaa," akasema, "hii si ya kuwashia moto."

Nikacheka. Kweli, nilicheka,
sauti yangu ikanishtua mwenyewe.
Nikampa gazeti,
nikamwongezea mkebe mzima juu yake,
bila kidole gumba.