Dhahabu ya Juu ya Mlango

Lilikuja ndani ya kasha, limezongwa magazeti ya Kifaransa,
punda wawili toka gatini hadi Shela,
nami nyuma, nikishika kona isigonge kuta za vichochoro.

Bi Odile akang'oa misumari mwenyewe.
Kumbe ni pambo la juu ya mlango wa ndani:
kikapu cha mawaridi, utepe uliofungwa mara tatu,
hua wawili wameelekezana midomo,
kote dhahabu, hata mahali pasipofikwa na jicho.
"Miaka mia mbili na kitu," akasema,
kama anayetaja umri wa mamake.

Mimi ni Lali wa Bwanaheri, mchonga miimo.
Najua waridi, najua mnyororo, najua jani la mkadi.
Lakini babangu hakuchonga kitu chenye macho.
"Usitie mato ubao," alikuwa akisema,
"ubao wenye mato hukutizama ukilala."

Nikapima. Lazidi mlango vidole vinne.
"Kata ukuta. Mti usiguswe."
Ukuta wa matumbawe, unene wake dhiraa nzima,
waliouinua hawakuwahi kuulizwa bei.
Nikaukata. Siku mbili, vumbi la chokaa kwenye kope,
nikiuomba radhi kila pigo.

Siku ya tatu nikalipindua pambo, nitie vyuma vya kulitundikia.
Na huko nyuma, jamani,
hakuna dhahabu.
Mti mweupe, laini, wenye tundu za fukusi,
patasi imepita mbiombio, kama yangu nikiwa na njaa.
Palikuwa na mistari ya kupimia, mmoja umefutwa:
alikosea, akarekebisha, na tajiri hakujua.
Karibu na pembe, alama ya kidole gumba ndani ya gundi.
Nikaweka changu juu yake.
Chake kidogo.

Sikumwambia Bi Odile.
Nikaandika kwa penseli tarehe, na herufi yangu, lam,
kisha nikalitundika. Hua wakaikabili sebule.

Adhuhuri, kwenye birika la msikiti, nikaona
chembe inang'aa kwenye gumba la kulia.
Mwanamume, dhahabu, na udhu bado.
Nikasugua kwa kumbi la nazi, nikasugua kwa mchanga,
watu wameshapanga safu.
Ikatoka.
Nadhani ilitoka.
Hadi leo, kabla sijashika patasi,
nauangalia kwanza ukucha.